PS au Kompyuta? Kabla Hujatuma Hela Kariakoo, Soma Hii Kwanza



Kuna ubishi ambao hauishi hapa Kakonko, na ukishuka Kibondo mpaka Kasulu unaukuta huo huo. Gemu inanoga kwenye PS au kwenye kompyuta? Ukikaa kijiwe chochote chenye tivii na padi mbili utaambiwa PS ndo mwisho wa maneno. Ukienda kwa wale jamaa wanaojua kufomati mashine watakucheka, watakwambia PS ni toi tu la kuunganisha na tivii. Wanabishana kuhusu grafiki, wanabishana kuhusu kasi, wanabishana nani alianza kucheza GTA.

Mimi naona tunabishana ubishi wa watu wengine. Mtu wa Masaki akinunua PS5 ananunua starehe, ikimchosha anamwachia mdogo wake. Kijana wa huku akinunua mashine ya gemu mara nyingi ananunua kazi. Anapanga fremu, anaweka benchi, anatoza kwa mechi. Mtaji wenyewe umetoka kwenye mihogo na maharage, au kauza bodaboda, au ni hela ya kikundi. Akikosea mashine, mtaji umekwenda na kurudi kwake ni kazi.

Kwa hiyo leo nachambua kwa jicho hilo, la hela na la kesho. Msimamo wangu nauweka mapema ili usiseme nimekuzungusha: PS ilistahili kabisa kutawala vibanda vyetu miaka yote hii. Lakini sababu zilizoipa ushindi zinakufa moja baada ya nyingine. Kwa anayeanza leo akiwa na hela ya mashine moja tu, anunue kompyuta, achomeke padi.

Subiri kwanza, usirushe mawe. Twende taratibu.

KWA NINI PS ILITUSHINDA WOTE

PlayStation 2 ilitoka Japani mwaka 2000. Sony waliendelea kuitengeneza mpaka mwanzoni mwa 2013, yaani karibu miaka 13, na ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Hakuna konsoli nyingine iliyowahi kuuzwa zaidi yake. Nyingi zilipochokwa Ulaya na Uarabuni zilimiminika huku kama mtumba, na ndo hizo zilizofungua vibanda kuanzia Kariakoo mpaka vijijini.

Uzuri wake kwa mwenye kibanda ulikuwa hivi. Kwanza, haikuhitaji elimu yoyote. Unachomeka waya tatu za rangi kwenye tivii, unaweka diski, unawasha, watoto wanacheza. Haiombi intaneti wala nywila. Pili, ilikuwa inashuka bei kadiri inavyozeeka. Marekani ilianza kuuzwa dola 299 mwaka 2000, mwaka 2009 ikawa dola 99. Aliyekuwa na subira alinunua kwa theluthi ya bei. Tatu, ilikuwa haili umeme. PS2 nyembamba inatumia chini ya wati 50, kwa hiyo hata aliyekuwa na jenereta dogo la petroli aliweza kupiga kazi.

Nne, na hii ndo kubwa kuliko zote: diski. Diski ilikuwa inatembea. Ukichoka na gemu unabadilishana na jirani. Mtu akitoka Kahama anakuja na PES mpya kwenye begi, kesho yake kibanda kizima kinacheza. Nisiwe mnafiki hapa, tunajua wote kwamba nyingi zilikuwa kopi na mashine zenyewe zilikuwa zimechipiwa. Kisheria hiyo ni makosa, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo na COSOTA wapo. Ila ukitaka kuchambua mambo lazima useme kilichotokea, na kilichotokea ni kwamba PS2 ilisambaa Afrika kwa sababu gemu zake zilipita mkono kwa mkono bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa angalia hizo sababu nne zimefikia wapi.

DISKI INAKUFA, NA SISI TUNAFUNGIWA NJE

Mwaka 2013 Microsoft walitangaza Xbox One, wakataka mashine iwe inaingia intaneti kila siku kujihakiki, na gemu za mtumba ziwekewe masharti. Watu walipiga kelele dunia nzima na mwezi Juni mwaka huo huo wakarudi nyuma. Wengi walidhani vita imekwisha. Kumbe walibadilisha mbinu tu.

Leo kuna Xbox Series S ambayo haina hata sehemu ya kuingiza diski. PS5 ilitoka 2020 ikiwa na toleo la diski na toleo lisilo na diski. PS5 Pro iliyotoka Novemba 2024 haina sehemu ya diski kabisa, unaitaka unanunua kifaa chake pembeni. Upande wa mpira, Konami waliua jina la PES mwaka 2021 wakaleta eFootball. Hiyo ni ya bure, ila inatoka kwa kupakua mtandaoni na inataka intaneti. Ile PES ya kuweka diski ukasahau, ya mwisho ilikuwa PES 2021.

Mtu atasema: si tunapakua tu? Sawa, unapakua wapi? Kwenye PS unapakua kupitia huduma ya Sony inayoitwa PlayStation Network. Na hapa ndo penye habari ambayo vijiweni haisemwi: Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zenye huduma hiyo. Majirani zetu Kenya, Uganda, Burundi na Kongo nao hawamo. Kusini mwa Sahara, Afrika Kusini ndo ipo. Wabongo wenye akaunti wamejiandikisha kama wako Marekani, Uingereza au kwingineko, na wananunua vocha za nchi hizo. Akaunti ya namna hiyo inakwenda kinyume na masharti ya Sony wenyewe. Wakiamua kuifunga na gemu zako zote ndani, utaenda kulalamika wapi? Wewe kwenye karatasi zao ni mkazi wa mji ambao hujawahi hata kuuona kwenye picha.

Kama unadhani natisha watu, kumbuka kilichotokea Mei 2024. Kulikuwa na gemu inaitwa Helldivers 2, mali ya Sony, inauzwa pia kwenye kompyuta kupitia duka la Steam. Sony wakatangaza kwamba hata wa kompyuta lazima wawe na akaunti ya PlayStation Network. Wachezaji wakauliza, na sisi ambao huduma haipo kwetu? Jibu likawa gemu kuondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, kwa sababu tu huduma ya Sony haipo huko. Kelele zikawa kubwa, ndani ya siku chache Sony wakafuta lile sharti la akaunti. Lakini somo lilibaki: kwa kampuni hizi, nchi yetu inaweza kufutwa kwenye orodha asubuhi moja tu, kwa kubonyeza kitufe.

Steam upande wa pili inauza Tanzania. Bei zake ni za dola, ndiyo, na kulipa kunataka kadi, lakini unajiandikisha kwa jina lako na kwa nchi yako. Unaingia kwa mlango wa mbele.

BEI NAYO IMEGEUKA

Ile sababu ya pili, ya kusubiri mashine izeeke ishuke bei, nayo haipo tena. PS5 yenye diski ilianza kwa dola 499 mwaka 2020 huko Marekani. Kwa mtindo wa PS2 ilitakiwa baada ya miaka mitano iwe imeshuka sana. Badala yake Agosti 2025 ilipanda mpaka dola 549. Nchi nyingine nyingi Sony walishaanza kupandisha toka Agosti 2022. Mashine inazeeka na bei inapanda! Na bei ya mpya ikipanda, ya mtumba haiwezi kushuka, maana muuzaji wa Kariakoo naye anaangalia huko huko.

Kuna jingine ambalo wengi hawalijui. Kwenye ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta inaingia kwa asilimia 0. Konsoli ya gemu imewekwa kundi la bidhaa za kumalizikia, inalipiwa asilimia 25. Yaani serikali zetu zilishakaa na kuamua: hiki ni kifaa cha kazi, hiki ni cha starehe. Unaweza kubisha na uamuzi huo, ila ukinunua PS, ushuru huo uko ndani ya bei unayolipa hata kama muuzaji hakutajii.

Kwa hiyo ukipiga simu kuulizia, usishangae kukuta PS4 moja ya mtumba yenye padi mbili inakaribiana na kompyuta ya mezani iliyotoka kwenye maofisi ya Ulaya pamoja na monita yake. Pale ndo mtu anatakiwa akae chini afikiri.

UMEME: HESABU IMEBADILIKA

Wilaya yetu ilimegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Kwa miaka mingi ukanda huu wa Buha ulikuwa haujaunganishwa na gridi ya taifa, TANESCO walikuwa wanatuendesha kwa majenereta ya dizeli. Gridi ilianza kutufikia mwaka 2022 kupitia Nyakanazi. Tukadhani tumepona, mwishoni mwa 2023 mgao ukarudi nchi nzima. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukawashwa, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ikakamilika, megawati 2,115.

Hii ina maana gani kwa gemu? Zamani wati zilikuwa zinaamua kila kitu. Leo piga hesabu. PS4 nyembamba na tivii ya LED ya inchi 32 kwa pamoja ni kama wati 150. Ukicheza saa 10 ni uniti moja na nusu. Kwa bei ya kawaida ya LUKU, shilingi 356 kwa uniti ukijumlisha na kodi, hiyo ni mia tano na ushee kwa siku nzima. Kompyuta ya ofisi na monita haipishani sana na hapo. Umeme sio tena kitu cha kukufanya uchague PS.

Kinachouma sasa ni kukatika ghafla. Umeme ukikatika katikati ya mechi, PS inazima hapo hapo. Wateja wanadai hela yao, na mashine yenyewe ikizimwa hivyo kila siku diski yake ngumu inaanza kuugua. Laptopu ina betri. Umeme ukiondoka watu wanamaliza mechi kwenye kioo chake huku wanasubiri urudi. Hata kompyuta ya mezani unaifungia UPS ndogo ya kuzima kistaarabu. PS nayo unaweza kuifungia, sikatai, lakini laptopu imezaliwa nayo.

MCHANA MAOMBI, JIONI MPIRA

Sasa hapa ndo roho ya hoja yangu, msomaji wangu uliyeko kwenye kafe unapiga hesabu ya dakika zako.

Kibanda cha PS kina masaa yake. Asubuhi wanafunzi wako shule, na ukiwaruhusu wenye sare kuingia utapambana na walimu na mtendaji, na watakuwa na haki. Kazi inaanza saa kumi jioni mpaka saa nne usiku. Tuseme mechi ni shilingi 300 na inachukua dakika 12 pamoja na kubishana. Masaa sita ni mechi 30, shilingi 9,000 siku ikiwa imejaa kabisa. Kuanzia asubuhi mpaka saa kumi mashine imelala na fremu unailipia.

Weka kompyuta kwenye meza hiyo hiyo. Asubuhi anakuja dada anataka kuomba mkopo wa chuo HESLB, maombi yote ni mtandaoni. Anakuja jamaa anataka kujaza Ajira Portal. Matokeo ya NECTA yametoka, kijiji kizima kinataka kuona. Waliochaguliwa kidato cha tano wanataka fomu za kujiunga. Mwenye duka anataka kuandikiwa barua na kuchapisha. Tuseme wateja watano tu kwa siku, kila mmoja 2,000. Hiyo ni 10,000 kabla mechi ya kwanza haijaanza. Jioni unatoa padi mbili za USB, unachomeka waya wa HDMI kwenye tivii, mashine ile ile inakuwa kibanda cha mpira.

Na mpira wenyewe upo. PES 2013 na PES 2017 kwa kompyuta hazidai mashine kubwa, zinakimbia kwenye kompyuta ambazo maofisi yameshazitupa. GTA San Andreas iliyotoka PS2 mwaka 2004 ilifika kompyuta mwaka 2005, na mpaka leo inacheza kwenye laptopu dhaifu. Tena kompyuta inakubali viraka. Kuna vijana wanaotengeneza viraka vya kuingiza jezi za Simba na Yanga kwenye PES. EA hawajawahi kuiweka ligi ya Bara kwenye gemu yao na sioni dalili. Kwenye PS ambayo haijachipiwa uhuru wa kuweka viraka ni mdogo zaidi, kwa sababu mashine imefungwa na ufunguo anao Sony. Kwenye kompyuta ufunguo unao wewe.

Na ukitaka kwenda kihalali, ni rahisi zaidi kwenye kompyuta. Duka la Epic limekuwa likitoa gemu za bure toka 2018, kwenye Steam kuna za bure kama Counter-Strike 2 na Dota 2, na eFootball nayo ipo. Tatizo lake ni bando, gemu moja inaweza kula makumi ya GB. Lakini unapakua mara moja, unaihifadhi kwenye diski ya nje, mashine ikifomatiwa unairudisha.

KOMPYUTA NAYO INA MABAYA YAKE

Nisiipambe sana. Wanaoipenda PS wana hoja nzito na wanastahili kusikilizwa.

Moja, kompyuta inataka mtu anayejua. Flashi moja ya mteja ikiingia na virusi, kesho asubuhi mashine haiwaki na wewe huna Windows ya kurudishia. PS haina habari na flashi ya mtu. Kama huna moyo wa kujifunza kufomati, kusafisha vumbi letu jekundu la kiangazi na kufungua mfuniko mwenyewe, kompyuta itakutesa.

Mbili, mashine za zamani zinaachwa njiani. Steam walisitisha kuhudumia Windows 7 na 8 mwanzoni mwa 2024. Microsoft wenyewe walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa kompyuta nyingi za zamani. Zitaendelea kuwaka, lakini mashine isiyopata ulinzi mpya usiitumie kujaza namba za NIDA na nywila za wateja bila kufikiri. Wapo wanaohamia Linux ambayo ni ya bure. Hilo nalo linataka kujifunza.

Tatu, kuanzia mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepaa duniani, kwa sababu viwanda vinazipeleka kwenye vituo vikubwa vya akili bandia vinavyolipa zaidi. Ukinunua mashine ya GB 4 ukidhani utaongeza baadaye, unaweza kujuta. Nunua yenye GB 8 tayari.

Nne, gemu mpya kabisa zina wenyewe. EA Sports FC, ile iliyochukua nafasi ya FIFA mwaka 2023 baada ya EA na FIFA kuachana, kwenye kompyuta inataka mashine ya maana yenye kadi ya grafiki. PS4 inaicheza bila kelele. Na Rockstar walipotangaza GTA VI walitaja PS5 na Xbox Series X na S tu. Novemba 2025 wakasogeza tarehe mpaka 19 Novemba 2026, na kompyuta bado hawakuitaja. Ndo tabia yao, hata GTA V ilitoka konsoli 2013, kompyuta ikasubiri mpaka Aprili 2015. Kama wateja wako ni wa mjini wanaotaka toleo la mwaka huu na wako tayari kulipa, PS inakufaa. Jiulize tu kwa ukweli: hapa kwetu ni wangapi hao?

Tano, mchezo wenyewe. Watu wawili wamekaa benchi moja, tivii kubwa, kumi wamesimama nyuma wanapiga kelele. Hiyo raha PS ndo ilituletea, na kuna watu imewatoa. Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kama QueenArrow, alijulikana duniani kwa Tekken, mchezo uliokulia kwenye PlayStation, na mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya nje inayoitwa UYU. Kwa hiyo asikwambie mtu konsoli ni kupoteza muda tu.

ILA KUNA KITU PS HAIWEZI KUKUPA

PS inakufanya uwe mchezaji. Kompyuta inaweza kukufanya uwe mtengenezaji. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko grafiki zote.

Mkenya Wesley Kirinya alitengeneza gemu ya kompyuta ya Adventures of Nyangi, iliyotoka 2007, wakati Afrika Mashariki hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Baadaye na mwenzake Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha kampuni ya Leti Arts. Alianza na kompyuta kwa sababu huwezi kuanza na kingine. Konsoli uliyonunua dukani haina mahali pa kuandikia programu yako mwenyewe na kuiuza. Ili Sony wakupe mashine ya watengenezaji lazima uombe na ukubaliwe.

Mfano wa pili unatuhusu sana sisi. Sisi ni watu wa mpakani tunaojua kambi. Mtendeli hapa hapa wilayani ilipokea Warundi kuanzia 2016 mpaka ilipofungwa Desemba 2021, Nduta iko Kibondo, Nyarugusu Kasulu imepokea Wakongo toka 1996. Sasa sikia. Lual Mayen ni Msudani Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2007 ndo aliona kompyuta kwa mara ya kwanza. Akamwambia mama yake anaitaka. Yule mama alidunduliza kwa miaka mitatu mpaka akapata dola 300 za kununua laptopu. Kambini hakukuwa na umeme, kijana akawa anatembea masaa matatu mpaka kwenye kafe ya intaneti kuichaji. Akajifunza kutengeneza gemu mwenyewe, akatengeneza Salaam, gemu ya mkimbizi anayekimbia vita akitafuta maji, chakula na dawa. Baadaye akaenda Marekani akaanzisha kampuni ya Junub Games, na mwaka 2018 akatambuliwa kwenye tuzo kubwa za gemu duniani, The Game Awards.

Fikiria kama yule mama angenunua PS kwa zile dola 300. Mtoto angefurahi, nakubali. Angekuwa bingwa wa kambi. Na hadithi ingeishia hapo hapo.

Sisemi kila anayenunua kompyuta atafika Marekani. Wengi hawatafika hata Kahama. Lakini kwenye kibanda chenye kompyuta tano kuna uwezekano mtoto mmoja akachoka kucheza akauliza, hiki kitu kinatengenezwaje? Na jibu likawa kwenye mashine hiyo hiyo aliyoishika. Kwenye kibanda cha PS tano swali hilo linakufa, maana mashine yenyewe haina pa kulijibia.

KWA WENYE VIKUNDI

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Vijana wanaandika maandiko na wengine wanaandika "kituo cha gemu" na PS nne. Ushauri wangu: andika kituo cha huduma za mtandao na michezo. Weka kompyuta tatu, printa moja, padi sita, tivii mbili. Kama hela inabaki, weka PS moja ya kuvutia watu pale mbele. Hiyo inawezekana kabisa, PS kuwa chambo na kompyuta kuwa wavu. Kinachoniogopesha ni kuweka mtaji wote kwenye mashine ambayo mwenye nayo yuko Tokyo na hata jina la nchi yako halimo kwenye orodha yake.

Na wewe ambaye tayari una PS yako na inakuingizia hela, usiiuze kwa sababu ya maneno yangu. Itumie mpaka ife, diski zako zitunze kama cheti cha kuzaliwa. Ila faida unayoweka pembeni, usinunulie PS nyingine. Hapo ndo tunapopotea, mtu anapata kidogo anaongeza mashine ile ile, umri unakwenda na ujuzi uko pale pale.

Najua washabiki wa PS mnakunja ngumi. Karibuni chini hapo, tupeane hesabu na sio matusi. Mwenye kibanda Kakonko, Kibondo, Kasulu au kokote, tuambie: kwa siku mashine yako inafanya kazi masaa mangapi, na yale masaa mengine inafanya nini? Ukishajibu hilo kwa ukweli, ubishi wa PS na kompyuta utakuwa umejimaliza wenyewe.

Nawasilisha.